UZI: Mgomo huja mwisho. Tuchambue menejimenti za mashirika ya ndege zinavyoharibu kazi kabla wafanyakazi hawajanyanyua sauti

#1 Isevya Mjini (Tabora)

Wakuu, salaam.

Kila shirika la ndege likianza kuyumba, mzigo wa kwanza wa lawama hutupiwa wafanyakazi. Marubani wana tamaa, mafundi wanajivuta, wahudumu wana maringo. Sisi wa Tabora maneno haya tuliyasikia kwenye reli. RITES ya India ilipokabidhiwa TRL, kampuni ya reli ya Tanzania, mwaka 2007 kwa hisa asilimia 51, wafanyakazi waligoma kudai mishahara yao wakaitwa wakorofi. Miaka michache baadaye serikali ikazirudisha hisa, na vichwa vya treni vilikuwa bado haba. Watu waliona mgomo. Uhaba wa vichwa na mabehewa, uliokuwepo kabla yake, haukuzungumzwa sana.

Msimamo wangu ni kwamba kwenye ndege mgomo huja mwisho kabisa. Anayetaka kujua shirika linaelekea wapi aangalie menejimenti inamlipa nani kwanza na inamwambia nani asubiri.

Tuanze na fedha yenyewe. Shirika la ndege hulipwa kabla ya kutoa huduma. Abiria ananunua tiketi leo, anasafiri baada ya wiki sita. Kihesabu fedha hiyo ni deni, maana safari bado inadaiwa. Menejimenti yenye nidhamu inajua kila asubuhi ni kiasi gani cha fedha iliyoko benki ni cha safari ambazo hazijaruka. Menejimenti iliyobanwa inazichota kulipia mafuta ya mwezi uliopita. Mwezi unaofuata inalazimika kutangaza ofa ili ikusanye tiketi mpya, mara nyingi chini ya gharama, na abiria wa ofa ile wanapofika uwanjani nauli yao imeshaliwa. Shirika lenye madeni likimwaga ofa za miezi mitatu mbele, tena msimu ambao abiria wapo wa kutosha, hapo kuna tatizo la fedha taslimu.

Kisha kuna foleni ya malipo. Wanaoweza kuizuia ndege siku hiyohiyo hulipwa kwanza: muuza mafuta, mamlaka za viwanja na za kuongoza ndege, mwenye ndege aliyeikodisha, kampuni ya bima. Wasioweza husukumwa nyuma: muuza spea mdogo, hoteli wanakolala wafanyakazi wa ndege, posho za safari, michango ya pensheni ambayo mfanyakazi alishakatwa. Mshahara huguswa mwishoni kwa sababu kelele zake husikika nje. Kwa hiyo mshahara ukichelewa hata wiki mbili, mengine yalishaoza zamani.

Historia yetu inatosha kwa mfano. East African Airways ilivunjika mapema 1977, na Machi mwaka huohuo ATC (Air Tanzania, baadaye ATCL) ikaanzishwa. Desemba 2002 South African Airways ilichukua asilimia 49 ya ATC kwa dola milioni 20. Mwaka 2006 ndoa ikavunjika na serikali ikabaki na shirika lililojeruhiwa. Ikakodishwa Airbus A320, ikafanya kazi muda mfupi, ikaenda matengenezo nje ya nchi na haikurudi kazini, huku kodi ikihesabiwa hadi deni likafika makumi ya mamilioni ya dola. Desemba 2008 TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ikalinyang'anya shirika cheti cha uendeshaji kwa muda. Baadaye pakafika mahali ATCL inarusha ndege moja tu, Dash 8-Q300. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoamuliwa na mhudumu wa ndege au mpakia mizigo.

Karibuni wenye ujuzi, hasa wa karakana.

#2 Fundi wa Leseni

Mkuu Isevya, umepiga penyewe. Karakana ina dalili yake, nayo ni kuhamisha spea.

Ndege A imesimama inasubiri kifaa. Ndege B inaharibika stata-jenereta. Ghalani hakuna, na muuzaji anataka deni la zamani lilipwe kwanza. Amri inashuka: toeni kwenye A mfunge kwenye B. Ofisini wanashangilia kwamba ndege imeruka. Kwa fundi, kazi ya hatua mbili imekuwa ya hatua nne: kufungua kibovu kwenye B, kufungua kizima kwenye A, kukifunga B, na siku spea mpya ikifika, kuifunga A. Kila hatua ina majaribio yake na ukurasa wake wa kumbukumbu: namba ya kifaa, namba ya mfululizo, saa kilizoruka, saini ya injinia mwenye leseni. Kifaa chenye ukomo wa maisha kikihama bila saa zake kuandikwa sawasawa, thamani yake imekufa hata kama ni kizima, kwa sababu hakuna atakayeweza kuthibitisha kimebakiza nini.

Baada ya miezi michache A imegeuka ghala. Nayo ikiwa imesimama bado inataka kazi. Matairi yazungushwe yasikae upande mmoja, mirija ya kupimia kasi ifunikwe nyigu wasijenge humo, injini ziwashwe au zihifadhiwe kwa utaratibu wa mtengenezaji, betri zitunzwe, matangi yakaguliwe maji na vijidudu vinavyoota kwenye mafuta. Ukiruka hayo, siku ya kuirudisha angani gharama inakuwa kubwa kuliko ile ya spea iliyokataliwa kununuliwa.

Injini ni mlima wa peke yake. Mashirika mengi yana mkataba wa kulipia injini kwa kila saa ya kuruka. Fedha hiyo huingia kwa mtengenezaji kidogokidogo, na injini ikifika muda wa kufanyiwa ukarabati mkubwa gharama inakuwa imeshachangiwa. Ukikosa kuchangia, mtengenezaji hakulazimiki kukupa injini ya akiba wala nafasi karakanani, na foleni huko ni ndefu. Hapo tuwe waadilifu: ATCL ilisimamisha baadhi ya ndege zake za Airbus A220 mwaka 2022 kwa tatizo la injini za Pratt & Whitney, na mashirika mengine duniani yalikumbwa na tatizo lilelile. Siwezi kumlaumu mkurugenzi kwa chuma kilichotengenezwa Marekani. Namuuliza mkataba unasema nini kuhusu fidia ya siku ambazo ndege haikuruka, na kama kulikuwa na injini ya akiba au mpango wa kukodi ndege mbadala.

Mwisho, watu. Injinia wa B1 anashughulikia injini na mwili wa ndege, wa B2 umeme na elektroniki, na kila mmoja lazima awe na idhini ya aina ya ndege husika. Leseni yenyewe ni miaka ya masomo na ya mazoezi yaliyoandikwa kitabuni. Wakiondoka watatu kwenda Ghuba, tangazo la kazi haliwarudishi. Ndege inaweza kuwa nzima kabisa na isiruke kwa sababu hakuna wa kusaini.

#3 Mwanga Sokoni (Kigoma)

Nawasoma kwa heshima, lakini sikubali kwamba wafanyakazi wanatoka hapa wakiwa wasafi. Marubani wa Kenya Airways waligoma tarehe 5 Novemba 2022, maelfu ya abiria wakakwama, hadi mahakama ikawaamuru warudi. SAA (South African Airways) nayo ilianza kugomewa tarehe 15 Novemba 2019, karibu wiki nzima, na tarehe 5 Desemba ikawekwa chini ya wasimamizi wa uokoaji. Mmeona ukaribu wa tarehe hizo?

Huku Kigoma ndege ikifutwa, mgonjwa wa rufaa anayetakiwa Muhimbili hana njia nyingine ya haraka. Treni na basi ni safari ndefu kwa mtu mzima wa afya, sembuse mwenye dripu. Mfanyakazi anayegoma anamwadhibu huyo, mkurugenzi anaendelea kulipwa.

#4 Hesabu Ujiji

Ndugu yangu wa Mwanga, mgonjwa wa rufaa ni hoja nzito na hakuna wa kuipuuza hapa. Lakini tarehe hizo zina ya nyuma yake.

SAA ilikuwa haijapata faida tangu 2011. Miaka minane ya hasara inazibwa kwa dhamana za serikali. Mgomo wa 2019 ulikuja baada ya menejimenti kutangaza kwamba ajira zipatazo 944 zipo hatarini. Vyama vilitaka nyongeza ya asilimia 8, wakamalizana kwa 5.9. Hata hivyo wiki ile iliuma kweli, na sababu yake si mishahara. Abiria waliacha kununua tiketi za mbele, mawakala wakubwa wakasitisha kuuza tiketi za SAA, kampuni ya bima ya safari ikakataa kuzikatia bima. Rudi kwenye hoja ya Isevya: shirika lilikuwa linaishi kwa fedha ya safari za mwezi ujao. Fedha hiyo ilipokatika, hapakuwa na akiba ya kulivusha hata Krismasi. Shirika lenye akiba ya miezi mitatu hupigwa na mgomo wa wiki moja likasimama tena. Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu: mgomo uliharakisha. Uliikuta nyumba haina nguzo.

Kenya Airways mchukue hivihivi. Marubani wale hawakugoma kwa nyongeza ya mshahara. Walidai mwajiri arejeshe michango yake kwenye mfuko wao wa akiba ya uzeeni aliyoisimamisha. Ukirudi nyuma unakuta mpango wa upanuzi ulioitwa Mawingu, ndege kubwa zikaagizwa kwa mikopo ya dola wakati abiria wanapungua baada ya shambulio la Westgate 2013 na Ebola ya Afrika Magharibi 2014. Mwaka wa fedha 2014/15 hasara ilikuwa shilingi za Kenya bilioni 25.7, uliofuata bilioni 26.2. Boeing 777-300ER zikakodishwa kwa Turkish Airlines, nafasi ya kutua Heathrow ikauzwa kwa dola milioni 75. Mapema zaidi, mwaka 2012, walikuwa wameshapunguza wafanyakazi wapatao 600, wakaishia mahakamani. Kupunguza wale 600 hakukuzuia hasara ya bilioni 50 ndani ya miaka miwili, maana mishahara yao haikuwa ndiyo tundu.

Tundu kubwa ni saa za kuruka. Nawapa hesabu ya kufundishia, si ya shirika fulani. Kodi ya ndege moja tuseme dola 150,000 kwa mwezi. Ikiruka saa 240, kila saa inabeba dola 625 za kodi. Ikiruka saa 100 kwa sababu ya spea, marubani au ratiba mbovu, kila saa inabeba dola 1,500. Hapo hujaweka bima wala mishahara, ambayo nayo hulipwa ndege iruke isiruke. Nauli haiwezi kupanda zaidi ya maradufu, abiria watahama. Na kodi, spea, injini, simuleta, vyote ni dola, wakati nauli ya Dar–Kigoma inakusanywa kwa shilingi.

#5 Zamu ya Alfajiri

Hiyo simuleta aliyoitaja Hesabu hapo juu ndiko ninakotaka kwenda, kwa sababu watu hawaijui. Ni mashine ya ardhini inayoiga chumba cha rubani.

Rubani lazima apimwe kwenye simuleta ya aina ya ndege anayorusha, kwa kawaida kila miezi sita. Kwa Q400, ndege ya mapangaboi ya safari za ndani, simuleta ya karibu ipo Addis Ababa. Kumpeleka mtu huko kunahitaji kulipia saa za simuleta, mkufunzi, hoteli na posho. Menejimenti iliyobanwa inasema wasogezwe mwezi ujao. Mwezi ujao nafasi zimejaa. Uhalali wa rubani unaisha, anakaa nyumbani huku mshahara unatoka, na wenzake wanabebeshwa safari zake.

Sasa hesabu ya zamu. Ndege ya safari za ndani inahitaji takriban seti tano za wafanyakazi ili iruke kila siku: watu wana mapumziko ya lazima, likizo, ugonjwa, mafunzo. Kwa Q400 yenye viti 76 seti moja ni rubani mkuu, msaidizi na wahudumu wawili, kwa kanuni ya mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Sheria za nchi nyingi zinaweka ukomo wa saa 100 za kuruka ndani ya siku 28 na saa 900 au 1,000 kwa mwaka. Ukiendesha ndege kwa seti tatu na nusu, mwanzo wa mwezi kila kitu kinaonekana shwari. Kufika wiki ya nne marubani wameshagonga ukomo, na ndipo safari zinafutwa kwa "sababu za kiutendaji".

Hapo ndipo malalamiko yanapobadilika sura bila mtu kutangaza mgomo. Shirika linapoishi kwa hisani ya wafanyakazi (kukubali kuitwa siku ya mapumziko, kuongeza saa ndani ya uhuru wa rubani mkuu, kupokea simu usiku), hisani hiyo ikikauka inatosha kuangusha ratiba. Watu wanafanya kazi kama kitabu kilivyoandika, neno kwa neno. Huwezi kumfukuza mtu kwa kufuata kitabu. Posho ya shilingi laki kadhaa iliyocheleweshwa miezi mitatu inakuja kuligharimu shirika safari nzima zilizofutwa, na meneja aliyeichelewesha ataandika kwenye ripoti yake kwamba amebana matumizi.

Kingine: kuna mameneja wanaoipanga ndege moja Dar–Tabora–Kigoma–Dar halafu mchana inaelekea Mwanza, ikiwa na dakika 25 uwanjani kila mahali. Asubuhi ikichelewa Dar saa moja, kuchelewa kunazaana siku nzima, na kama kiwanja cha mwisho hakina taa za usiku safari inafutwa kabisa. Suluhisho linajulikana: acha pengo la saa moja na nusu katikati ya siku, na kaa na seti moja ya akiba. Vyote vinaonekana kama upotevu kwenye karatasi ya mhasibu.

#6 Mama Gungu (Kigoma)

Wanangu nawafuatilia. Mimi naomba kueleweshwa jambo moja. Kwa nini ndege ya viti 76 inaondoka na abiria pungufu na bado mabegi yanaachwa? Mhudumu wa pale uwanjani anatukanwa na kila mtu, naye hana la kujibu.

#7 Mizani Kitete

Shikamoo mama. Jibu mara nyingi lipo kwenye mafuta.

Shirika likidaiwa na muuza mafuta wa kiwanja fulani, au mafuta hayapo pale, au bei ni kubwa kuliko Dar, ndege inabeba mafuta ya kwenda na ya kurudi kutoka Dar. Q400 inatumia karibu tani moja kwa saa. Dar hadi Kigoma ni takriban saa mbili, kwa hiyo mafuta ya kurudia peke yake ni kama tani mbili, ukiacha ya akiba ya lazima. Abiria mmoja na begi lake tunamhesabu karibu kilo 95 hadi 100. Kila kilo 500 za mafuta ya ziada zinakula nafasi ya abiria watano na mizigo yao.

Ongeza mwinuko wa kiwanja na joto. Tabora ipo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana hewa ni nyepesi, ndege inahitaji mbio ndefu zaidi kuinuka, na uzito unaoruhusiwa unashuka. Anayeandaa karatasi ya uzito akiona imezidi hana hiari: atapunguza mabegi au watu. Hawezi kuwaambia abiria kwamba sababu ni deni la mafuta, kwa hiyo anasimama pale anatukanwa kwa uamuzi uliofanyika ghorofani Dar. Ukitaka kujua kwa nini wafanyakazi wa vituo vya mikoani wanaacha kazi haraka kuliko wote, anzia hapo. Wanabeba hasira za abiria bila mamlaka ya kutoa hata chakula au hoteli, kila kitu mpaka wapige simu makao makuu, na makao makuu jioni hawapokei.

Kwa safari za kimataifa, mama, mwambie yeyote: begi lililoharibika liandikiwe malalamiko ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na madai mahakamani ndani ya miaka miwili. Huo ni Mkataba wa Montreal wa 1999, na Tanzania ni mwanachama. Yaandikwe, maneno ya mdomo hayahesabiki.

#8 Wakili wa Cheyo

Nimeona watu wanauliza pembeni kama wafanyakazi wa ndege wanaruhusiwa kugoma nchini. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, huduma muhimu zilizozuiwa ni pamoja na kuongoza ndege na mawasiliano ya usafiri wa anga. Marubani, mafundi na wahudumu hawakutajwa humo. Lakini njia ina hatua, na ukiruka moja mgomo unakuwa haramu na kinga ya kutofukuzwa inapotea.

Mgogoro uwe wa maslahi, yaani mnadai kitu kipya kama nyongeza. Kama ni haki ambayo tayari ipo kwenye mkataba, kwa mfano posho mliyokubaliana, njia yake ni madai na si mgomo. Upelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa fomu namba moja, usuluhishi upewe siku 30. Ukishindikana, chama kiitishe kura chini ya katiba yake na wengi waliopiga waunge mkono. Kisha notisi ya saa 48 kwa mwajiri.

Kwenye kupunguza wafanyakazi, kifungu cha 38 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri atoe notisi mara anapofikiria kupunguza, atoe taarifa zote zinazohusika, na ashauriane juu ya sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda na malipo. Mashirika mengi huangukia hapa. Wanaita kikao wakiwa na orodha ya majina tayari mfukoni, hicho si kushauriana. Ombeni kwa maandishi: hesabu za fedha, orodha ya nafasi, vigezo. Kiinua mgongo cha chini kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Kulalamikia kuachishwa isivyo halali ni ndani ya siku 30. Migogoro mingine siku 60. Siku hizo zinakimbia, wengi wanazimaliza wakizunguka ofisi za mabosi kuomba huruma.

#9 Kumbukumbu za Ng'ambo

Mwanasheria msomi, nakubaliana na yote isipokuwa unachanganya milango kwa watu wa mashirika ya umma. Tangu marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2016, mtumishi wa umma lazima amalize kwanza ngazi za ndani za utumishi, ikiwemo rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kwenda kwenye sheria za kazi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Shirika la Posta, ilisema wafanyakazi wa mashirika ya umma nao ni watumishi wa umma na CMA haina mamlaka nao. Mfanyakazi wa shirika binafsi la ndege aende CMA. Wa shirika la serikali akienda huko atapoteza miaka miwili kisha uamuzi ufutwe wote.

#10 Wakili wa Cheyo

Sahihi kabisa mkuu. Ahsante, waliosoma #8 wasome na #9. Kwa shirika la umma anzeni ngazi za ndani.

#11 Isevya Mjini (Tabora)

Nimerudi, uzi umenoga. Kuna upande mmoja hatujaugusa, na kwangu ndio mbaya kuliko fedha: menejimenti inayoziba masikio.

Usalama wa anga unategemea watu kuripoti makosa madogo. Kiambatisho cha 19 cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), kilichoanza kutumika 2013, kinataka shirika liwe na mfumo wa usimamizi wa usalama, na moyo wa mfumo huo ni ripoti za hiari ambazo anayeripoti haadhibiwi kwa kosa lisilo la makusudi. Rubani anaandika kwamba breki zilipata joto kupita kiasi, fundi anaandika kwamba alifanya kazi saa 14, mpakia mizigo anaandika kwamba gari liligusa mlango wa mizigo. Sasa mfukuze kazi huyo mpakia mizigo mmoja tu. Mwezi unaofuata ripoti zinashuka, na mkurugenzi anaiambia bodi kwamba usalama umeimarika. Mlango unaofuata ukiguswa hakuna atakayesema, na ndege itaruka na ufa.

Ukaguzi wa nje hauridhiki na karatasi nzuri. Wakaguzi huuliza ripoti ngapi ziliingia, zilifanyiwa nini, nani alifuatilia, ushahidi uko wapi. Umoja wa Ulaya uliiweka ATCL kwenye orodha yake ya marufuku Desemba 2024, na Juni 2025 ikaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania kwa sababu ya usimamizi wa mamlaka yetu. Marufuku hiyo inaumiza hata Tabora ambako hakuna ndege ya Ulaya, maana mashirika makubwa yanasita kuuziana tiketi za pamoja nasi, na mtalii aliyekata kifurushi Ulaya anaambiwa na wakala wake asipande.

Na hasara za ATCL kwa ripoti za CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ziliongezeka mwaka hadi mwaka: 2021/22 shilingi bilioni 35.2, 2022/23 bilioni 56.6, 2023/24 bilioni 91.8. Ndege zimeongezeka katika kipindi hichohicho. Ndege nyingi bila marubani, mafundi na spea zinazolingana nazo ni gharama zilizopakwa rangi nzuri. Natamani sana shirika letu lisimame, ndiyo maana nasema kwa uchungu: kila ndege mpya inapopokelewa kwa ngoma, mtu aulize hapohapo seti tano za wafanyakazi wake wako wapi na injini ya akiba inamilikiwa na nani.

#12 Mwanga Sokoni (Kigoma)

Nimesogea kidogo kutoka nilipokuwa. Ila niambieni, mfanyakazi wa chini afanye nini sasa hivi, kabla ya kufika kwenye vikao na mahakama? Maana waliokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, reli kwa ndege, mali ziligawanywa kwa mkataba wa 1984, kila nchi ikabeba jukumu la kulipa raia wake, na wazee wetu wa Kigoma na Tabora wamezeeka wakifuatilia mafao hayo. Wa Nigeria Airways iliyofungwa 2003 nao walikuwa bado wanadai miaka 15 baadaye.

#13 Hesabu Ujiji

Mkuu wa Mwanga, hilo la wazee ndilo linalonisukuma kuandika. Wengi wao walikwama kwenye karatasi: tarehe ya kuajiriwa, cheo cha mwisho, mshahara wa mwisho. Shirika likifa, ofisi ya utumishi hufungwa na mafaili hupotea.

Kwa hiyo kwanza, chukua taarifa ya michango yako kwenye mfuko wako wa pensheni, NSSF au PSSSF (wa watumishi wa umma), kila miezi mitatu. Jumla ni asilimia 20 ya mshahara: NSSF mara nyingi kumi kwa kumi, PSSSF mwajiri 15 na wewe 5. Linganisha mwezi kwa mwezi na hati ya mshahara. Mwajiri anatakiwa kupeleka ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha. Ukiona makato yapo kwenye hati na hayapo kwenye taarifa, hiyo ni fedha yako iliyozuiwa. Andika barua kwa mfuko, nakala kwa mwajiri na kwa chama, gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Mfuko una mamlaka ya kumshitaki mwajiri. Wewe peke yako huna nguvu hiyo.

Pili, hifadhi nje ya ofisi: barua ya ajira, barua za kupandishwa, hati zote za mshahara, fomu za posho zilizosainiwa ambazo hazijalipwa. Barua pepe ya kazini itafungwa siku ileile unayoachishwa, usiitegemee.

Tatu, kwa marubani na mafundi, kitabu cha saa na cha kazi kisainiwe kila mwezi na msimamizi mwenye mamlaka. Shirika likifungwa huku miezi minane haijasainiwa, saa hizo umezipoteza hata kama uliziruka, na mwajiri mpya hatazihesabu.

Nne, soma mkataba wa mafunzo kabla ya kusaini. Ukifungwa miaka mitano kwa gharama ya mafunzo ya aina ya ndege, uliza deni linapungua vipi kila mwezi na linakuwaje mwajiri mwenyewe akikupunguza kazi au akishindwa kulipa mshahara. Kama mkataba uko kimya kwenye hayo mawili, rudisha uandikwe upya. Wapo walioachishwa na shirika halafu wakadaiwa na shirika hilohilo.

Mwenye mfano wa kifungu kizuri cha mkataba wa mafunzo aubandike hapa, aondoe majina.